Kutu Katika Amana ya Shekhe Mudrik

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, habari za mja mchamungu aliyeitwa Shekhe Mudrik bin Wahbi. Watu wa mlimani na watu wa bondeni walipochoka kuuana, walimkabidhi bunduki zao za gumegume na panga zao, wakamwambia, "Hii ni amana. Itunze kama tulivyoileta."

Naye akaitunza. Alifuta vyuma kwa kitambaa kikavu, akavipaka mafuta ya ufuta, ndani ya mitutu na nje, kisha akavilaza juu ya mbao, mbali na unyevu wa sakafu.

Alasiri moja mkewe, Bi Hasna, alimkuta akisugua upanga.

"Bwana," akasema kwa upole, "huo wa mlimani ndio uliomuua kaka yangu."

"Naujua, Hasna. Lakini ni amana."

"Sikukatazi. Nauliza tu, unamtunzia nani?"

Swali lile likamvuruga. Akiupaka mafuta, alijiona anauandaa kumwua mtu mwingine. Akiuacha, alijiona amekhini. Alisali istikhara, akimwomba Mungu amwonyeshe njia, wala moyo haukutulia upande wowote. Mwisho akakifunga chumba kile, si kwa kuwa amekata shauri, bali kwa kuwa hakujua la kufanya. Masika yakaingia, na kutu ikala.

Kisha ukazuka ugomvi wa kisima. Pande zote mbili zikafika uani kwake, zinadai silaha. Nafsi ikamnong'oneza aseme zimeibwa, na uongo huo huenda ungeokoa roho za watu. Akasimama asijue lipi ni la Mungu na lipi ni la woga wake. Hatimaye akafungua mlango.

"Zimeshika kutu," akasema. "Msilaumu mvua, ni mimi niliyeziacha. Nilichelea msije mkauana, na nilimwogopa Mola wangu, nikashindwa kujua hofu ipi niitii. Nipeni muda nizisafishe, mzichukue kama mlivyozileta."

"Peke yako utamaliza lini?" akafoka Nufaili, mkubwa wa bondeni. Akaketi, akachota mchanga laini, akaanza kusugua bunduki yake mwenyewe. Wengine wakafuata. Mtungi wa mafuta ulikuwa mmoja, ikawabidi kupeana mkono kwa mkono, na kutu ile haikutoka upesi. Bi Hasna akawapitishia wote maji, hata wa mlimani.

Jua lilipopunga, mtu wa mlimani aliyekuwa akisubiri mtungi akamwuliza Nufaili, "Mifugo yenu ikinywa asubuhi na yetu jioni, kuna ubaya gani?"

Nufaili akaendelea kusugua. Kisha akampa mtungi. "Hakuna ubaya," akasema.

Waliondoka bila silaha.

Shekhe Mudrik akamgeukia mkewe. "Hasna, nimekhini amana au nimesuluhisha watu?"

"Sijui, Bwana. Najua hukuwadanganya."

Inasemekana aliomba maghufira kwa kutu ile hadi mauti yake. Basi ndugu zangu, huenda mja akasimama njia panda asione nuru upande wowote. Hapo na aseme kweli, hata ikimuumbua, kisha amwachie Mola wake yaliyobaki.