Pampu Isiyosikika

Hii nimeletewa na jirani, naye aliletewa, na wa kwanza kuisimulia hatumjui. Isome ukiwa umetulia, ikiwezekana baada ya chakula cha mchana, maana mambo yenyewe yalitokea saa hizo.

Katika mji mmoja ulio chini ya milima aliishi Bwana Mwinjuma, aliyekuwa mtangazaji wa mpira redioni. Huyu bwana aliweza kutangaza mechi isiyo na bao hata moja, ukamaliza kuisikiliza ukiwa hoi, jasho linakutoka, utadhani ulicheza wewe. Miaka yote aliishi katikati ya makelele ya uwanja, na aliporudi nyumbani aliendelea kutangaza mezani.

Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu, kimya. Alimwambia mkewe, Bi Mwantumu, kwamba masikio yake yamechoka. Bi Mwantumu aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mama wa maneno machache, na hata kama angekuwa nayo mengi, katika nyumba ile zamu yake ingefika lini?

Basi kwa kiinua mgongo chake Bwana Mwinjuma alijengesha tangi la samaki sebuleni, la vioo, refu kuliko kochi. Akatia samaki wa manjano, samaki weusi wenye mikia ya kuburuta kama shela, na mmoja mwekundu aliyemwita Kepteni kwa sababu alipenda kutangulia mbele. Akawapenda, tena sana. Akishakula mchana hujilaza akawatazama. Jua la dirishani lilipita kwenye maji likaenda kucheza darini, kuta zikawa kama zinayumba, na Bwana Mwinjuma akajiona naye yumo majini, mwepesi, hana la kumtangazia mtu.

Tatizo lilikuwa pampu.

Tangi kubwa namna ile halijitegemei. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi dogo. Maji hushuka humo yakachujwa, na pampu huyarudisha juu. Yasiporudi, samaki hukosa hewa. Sasa pampu ya Bwana Mwinjuma ilikuwa na nguvu, hilo tusiinyime, lakini ilinguruma kama mashine ya kusaga, na umeme iliufakamia bila huruma. Mzee wa watu akianza tu kuelea, mngurumo unamrudisha nchi kavu.

Akaitisha mashindano. Wauzaji wa pampu mjini waliambiwa waje mmoja mmoja, kila mtu na siku yake, wakati wa kulala mchana. Sharti lilikuwa jepesi. Muuzaji afunge pampu yake, mwenye nyumba ajilaze, na itakayomwacha alale huku maji yakipanda sawasawa ndiyo itakayonunuliwa.

Wa kwanza alileta pampu kubwa yenye kung'aa. Iliyapandisha maji kwa kishindo mpaka vikombe kabatini vikagongana. Bwana Mwinjuma hakufumbua hata macho, alinyoosha mkono tu kuonyesha mlango, kama refa anayemtoa mchezaji.

Wa pili alileta kapampu kadogo kapole, kasikokula umeme hata kidogo. Kwa kweli hakakuwa na kelele. Lakini na maji nayo yalipanda kwa uvivu, yakachuruzika juu kama machozi ya mtoto aliyeshabembelezwa, na samaki wakaanza kukosa raha. Naye akashukuriwa, akaondoka.

Wa mwisho alikuwa Bi Fausta, mwenye duka dogo karibu na stesheni. Aliitandikia pampu yake kipande cha sponji ili isiguse mbao za kabati, akaiwasha, akaenda kukaa kwenye kiti. Bwana Mwinjuma alisubiri kelele zianze. Alisubiri, akasubiri, na alipofumbua macho jua lilikuwa limeshahamia dirisha la pili, Bi Fausta anakunywa chai ya Bi Mwantumu, na maji yanapanda kwa nguvu zake zote.

"Ilikuwa inafanya kazi?" aliuliza.

"Muda wote, baba. Lakini sikiliza. Ya kelele ikizima utajua, maana masikio yataona tofauti. Hii ikizima hutajua. Kila siku uliguse bomba lake. Likiwa linatetemeka, iko kazini. Likiwa limetulia, imesimama."

Bwana Mwinjuma alisema sawa. Alisema sawa vile tunavyosema wote mtu anapotueleza jambo la maana nasi tuna usingizi. Bi Mwantumu, aliyekuwa anaondoa vikombe, alilitupia jicho lile bomba.

Zikaja siku tamu. Mchana ukawa mrefu na laini. Bwana Mwinjuma alilala akiwaona samaki, akaota samaki, akaamka samaki wako palepale, hata asijue ndoto imeishia wapi. Mara nyingine katikati ya usingizi alisikia kanga ikipita, na mlango wa kabati ukifunguka na kufungwa taratibu. Hata hilo alilihesabu kuwa ni sehemu ya ndoto. Bomba hakuligusa hata siku moja. Angekumbuka vipi, na nyumba imetulia hivyo?

Siku moja aliota yuko uwanjani. Majukwaa yamejaa mpaka juu, watu wamesimama wote, midomo inafunguka na kufumba, inafunguka na kufumba, na hakuna sauti. Akajaribu kuwatangaza, sauti yake nayo haikutoka. Akazinduka.

Mbele yake samaki wote walikuwa wamepanda juu ya maji. Midomo inafunguka na kufumba, na hakuna sauti.

Alipiga magoti kwenye kabati akashika bomba. Lilikuwa limetulia kabisa. Akatikisa waya, akazima, akawasha, wapi. Hapo akanyakua jagi jikoni, akaanza kuyachota maji ya chini na kuyamimina juu kutoka kimo cha mkono wake, ili yaingiwe na hewa. Alipomimina, samaki walishuka kidogo. Alipopumzika, walipanda tena. Kepteni alikuwa amelala ubavu.

"Mama Hidaya," aliita, kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali. "Njoo unishikie upande huu."

Hakuna aliyejibu. Akaita tena, safari hii kwa hasira kidogo. Kisha mkono wake ukasita hewani, jagi likiwa limejaa. Ile kanga leo haikupita. Na chakula cha mchana alikikuta kimefunikwa mezani, akala peke yake. Na jana pia alikula peke yake. Na juzi?

Akaenda chumbani na jagi mkononi, akimwaga maji njia nzima. Bi Mwantumu alikuwa ameugeukia ukuta. Joto lile lote la mchana, yeye amejifunika kanga mbili na blanketi, na anatetemeka. Pumzi zilimtoka fupi fupi.

"Leo nilipika nikajilaza, nikashindwa kuinuka tena kwenda kuligusa," alisema, kama mtu anayeomba radhi.

"Kumbe ulikuwa ukiligusa wewe?"

"Kila siku. Wewe ulikuwa unalala vizuri."

Bwana Mwinjuma alimwekea mkono kwenye paji la uso, akauondoa haraka kwa lile joto. Akamuuliza anaumwa tangu lini. Bi Mwantumu akajibu kwamba kifua kilimwanza wiki iliyopita.

"Mbona hukuniambia?"

Mkewe alivuta blanketi hadi kidevuni.

"Hukuniuliza, Baba Hidaya."

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana lilimuumiza zaidi.

Bwana Mwinjuma alirudi nyuma hadi mlangoni, akasimama katikati ya nyumba yake. Nyuma yake kuna wale waliokuwa furaha yake ya kila siku, ambao wasipomiminiwa maji kabla ya jua kushuka wamekwisha. Mbele yake kuna mkewe. Najua unasema jibu ni rahisi. Ni rahisi kwako uliyekaa unasoma. Yeye alisikia moyo wake ukimvuta sebuleni, akauonea haya.

Akaliweka jagi chini.

Alimwinua mkewe, akampigia kelele jirani mwenye gari kwa ile sauti ya uwanjani aliyodhani ameshaizika, na jirani akatoka mbio. Wakati wanapita sebuleni, Bi Mwantumu aligeuza shingo.

"Na samaki je?"

"Waache samaki."

Hospitalini daktari alisema ni nimonia, na kwamba wangechelewa hadi kesho yake, angekuwa anawaeleza maneno mengine. Bwana Mwinjuma alikaa pembeni ya kitanda. Nesi aliyemtambua kwa sauti alimwomba awatangazie wagonjwa kidogo. Alijaribu, akakosa la kutangaza.

Aliporudi nyumbani kuchukua nguo za mgonjwa, tangi lilikuwa kimya kweli kweli. Samaki wa manjano walikuwa wanaelea. Weusi wenye mashela nao walikuwa wanaelea. Ndani ya pampu alikuta konokono mdogo amenasa kwenye panga zinazosukuma maji. Alimtoa, akaiwasha, akaketi sakafuni akalia, na haya hakuona. Maji yalipoanza kupanda, kitu chekundu kikajitingisha kwenye kona. Kepteni alikuwa bado yumo.

Bi Mwantumu alipona, akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo Bwana Mwinjuma akishakula mchana hajilazi kwanza. Anafungua kabati, anagusa bomba. Halafu anakwenda alipo mkewe, anamwekea kiganja begani na kumuuliza anajisikiaje.

Mwanzoni Bi Mwantumu alijibu, "Mzima," kama alivyozoea. Mumewe hakuondoka. Alisimama palepale, kiganja begani, akingoja.

Basi mchana mmoja mama wa watu akaanza. Akaanza na goti. Kutoka kwenye goti akaenda kwa Hidaya ambaye hapigi simu, kutoka kwa Hidaya akaingia kwenye mchuzi uliosimangwa mbele ya wageni miaka mingi iliyopita, na huko akakaa sana. Alizungumza mpaka jua likahama dirisha. Na yule bwana aliyelipwa maisha yake yote kwa kusema aliketi anasikiliza, hakudakia hata neno moja, huku darini mwanga wa maji ukicheza polepole.

Ukimaliza kuisoma usimtumie kila mtu. Kwanza nenda kwa yule ambaye humsikii humo ndani, umguse bega.

Funzo: Mwenye kelele akinyamaza utajua mara moja, lakini anayekuhudumia kimya akichoka hutajua. Usingoje asimame ndipo umuulize hali. Muulize leo, na usiondoke kabla hajakujibu.