Siri ya Kishada

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na meko na mikeka kama sisi, na kuazimana chumvi kama sisi, aliishi Bi Pimbi, mwalimu wa watoto wa bonde zima. Mwili wake ulikuwa mdogo, wa kuenea ndani ya kikapu. Na siku ile alikuwa amechoka.

Alikuwa barazani kwa ajili ya Kishada, mtoto wa Digidigi. Zamani Kishada hakutulia: ruka huku, ruka kule, tifu! tifu! Tangu moto mkubwa ulipolila bonde, aliketi tuli. Uji anauacha, mchezo hautaki, usingizini anapiga mayowe.

"Ameanguka?" Mzee Tembo, mkuu wa baraza, aliuliza.

"Bado, mzee."

"Basi! Mganga yuko ng'ambo ya mlima. Haitwi kwa mtoto anayesimama."

"Mtoto wa Ngiri naye alisimama, mpaka siku aliyoanguka. Mganga alifika tukiwa matangani."

Mama Kiboko akapiga mwayo, hoooo! "Pimbi nawe! Mtoto akinuna, mwache anune. Wangu hawanuni?"

Wakacheka, kwa-kwa-kwa!

Bi Pimbi akarudi kwake, akapanda jiwe lake polepole. Miguu ilimuuma, alitaka kulala tu. Lakini kutoka juu alimwona Kishada amejikunyata kando ya majivu ya nyumba yao. Akashusha pumzi. Akashuka tena.

"Mzee Tembo," akanong'ona mlangoni pa mzee, "usimwambie Mama Kiboko."

Masikio ya Tembo yakasimama, pwa! "Nini?"

"Siku ya moto Kishada alipita bonde la nyuma. Kuna kitu amekiweka moyoni tangu huko. Hajamwambia mtu."

"Ameona kile kisima cha wahenga, kisichokauka!"

"Mimi sijasema kisima, mzee."

"Ni kisima tu! Mlete nimbane aseme!"

"Thubutu! Ukimfokea, atakimeza. Ukimuuliza, atakimeza. Anataka mtu wa kuketi naye tu, kila asubuhi, kivulini. Ipo siku atasema."

Kutoka hapo akajikokota hadi mtoni, ambako maji yalikuwa yakipungua kila siku. "Mama Kiboko, usimwambie Mzee Tembo..."

Chubwi! Kiboko akaibuka, macho yamemtoka. "Kisima? Mlete jioni, mwalimu. Nitampikia uji kwa mikono yangu!"

Basi ikawa hivyo. Asubuhi Kishada aliketi na Tembo. Mchana alikuwa kwa Bi Pimbi, pamoja na watoto wengine. Jioni alikuwa kwa Kiboko.

Mwanzoni Tembo alikuwa kama mtu aliyekalia siafu. Kishada kimya, Tembo kimya. Kisha Tembo akaanza kumpepea kwa masikio, na kumchumia matunda ya juu. Naye Kiboko alinung'unika kando ya jiko: "Kunywa, mwanangu. Hata kama husemi, kunywa."

Asubuhi moja, mtoto akasema, "Babu."

Tembo nusura aruke. "Enhe?"

"Mdogo wangu aliniita motoni. Nilimsikia. Nikakimbia."

Tembo akasahau kisima. Akasema kwa sauti ambayo baraza halijawahi kuisikia: "Hata mimi nilikimbia, mjukuu wangu. Na ukubwa wangu huu wote, nilikimbia."

Kishada akalia, kwi, kwi, kwi, mpaka goti la Tembo likalowa. Jioni akamsimulia Mama Kiboko, naye Kiboko akalia kuliko yeye. Usiku ule bakuli la uji lilibaki tupu.

Kesho yake Tembo akafika jiweni, ndi! ndi! ndi!

"Pimbi! Ulinidanganya. Hakuna kisima!"

"Hakuna, mzee."

"Ala! Na unasema mchana kweupe!"

"Nilikuja barazani na ukweli, mkapiga mwayo. Nikaja na siri, mkaidamkia alfajiri." Bi Pimbi hakuwa na nguvu za kupandisha sauti. "Nifukuze ukitaka. Lakini mtazame kwanza."

Tembo akageuka. Chini kule Kishada alikuwa akiruka jivu, tifu! Akasimama kidogo, akakumbuka, akainama. Kisha akaruka tena.

Mzee Tembo akakwangua ardhi kwa mguu. "Na mganga je?"

"Tumwite. Wapo watoto ambao mimi na wewe na uji hatutawatosha. Ila asiitwe wakati wa kuzika, na akifika atukute tumeshakaa nao."

Bi Pimbi akajilaza juu ya jiwe lenye jua. Kabla hajafumba macho, akamwona mtoto wa Fisi ameketi peke yake, anachora mchangani na kufuta, anachora na kufuta. Akashusha pumzi, akaanza kuinuka.

"Lala, mwalimu," Tembo akasema. "Yule naye ana siri?"

"Anayo, mzee."

"Kisima?"

"Si kisima."

"Najua," akasema Mzee Tembo, akaenda taratibu, akaketi mchangani kando ya mtoto wa Fisi, akanyamaza.

Bi Pimbi akalala usingizi.

Nanyi, wanangu, shikeni hili: mtoto husikilizwa angali amesimama.