Chungu Kiulizwe Kwanza

Paukwa!
Pakawa!
Ah, mnaitikia kama mliolala na njaa. Paukwa!
Pakawa!
Haya, sasa mmeamka. Wa nyuma sogeeni, koo langu si la kukodi.

Hapo zamani za kale paliondokea bibi mmoja, Bibi Kidawa. Jina la kijiji chake limesahaulika, lake halikusahaulika. Alikuwa na meno mawili tu, moja juu, moja chini, na hayo hayakuwa yakisalimiana. Aliishi na Siwema, mke wa mwanawe, na wajukuu watatu: Riziki, Mosi na Hidaya. Hidaya ndiyo kwanza ameachishwa ziwa.

Nyumba ile chungu hakikuoshwa hivi hivi. Watu wakishakula, Bibi Kidawa hukiinamia akakiuliza, "Chungu, umebakisha nini?"

Kisha hukwangua. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Ukoko wa ugali, ukoko wa wali, hauachwi. Watoto walipata kipande kimoja kimoja. Uliobaki ukaanikwa kwenye ungo mpaka ukakauka kau! Ukatiwa kapuni, kapu likatundikwa darini. Majirani walicheka mpaka mbavu zikawauma, wakamwita Bi Ukoko. Yeye akawaambia, "Chekeni tu, meno ni yenu."

Lakini Siwema aliona haya. Siku moja zikaja habari kwamba shangazi zake watamtembelea, na shangazi zake walikuwa watu wenye nafasi. Wakiliona kapu lile si watasema ameolewa kwa mafukara? Bibi alipokwenda kisimani, Siwema akaliteremsha, akawamwagia kuku. Ko! Ko! Ko! Kufika nusu, akasikia Bibi anakohoa njiani. Akalirudisha darini mbio mbio.

Shangazi wakaja, wakala, wakaondoka. Jikoni hata hawakuchungulia! Aibu ya bure hiyo.

Mwezi haukwisha, mvua ikaja. Shaa! Shaa! Shaa!

Siku ya kwanza watu walifurahi. Siku ya pili wakanyamaza. Siku ya tatu maji yakaingia majikoni, kuni zikalowa, mafiga yakazama, moto ukafa. Ukienda kwa jirani kuomba kaa, jirani hana. Jirani wa jirani hana. Kijiji kizima, jamani, hakuna moto! Mtama umejaa ghalani, kuku wamenona, na hakuna cha kupikia. Kuku mbichi utamla wewe? Wakubwa walitafuna nafaka kavu. Watoto waliojaribu, matumbo yaliwakata wakatapika. Na Kombo, mume wa Siwema, alikuwa ng'ambo ya mto, na mto umefura.

Hidaya akalia. Kisha akalia kidogo. Kisha akawa ananung'unika tu, na hicho ndicho kilichomtisha mama yake.

"Siwema, mwanangu," Bibi akasema, "teremsha kapu."

Siwema akaliteremsha. Bibi akatazama ndani. Akamtazama Siwema. Akaloweka ukoko katika maji ya mvua mpaka ukalainika, akawalisha watoto. Hidaya akameza, akafumbua macho.

Mara hodi! Ni Mwatima, jirani aliyebuni lile jina la Bi Ukoko. Ana watoto wawili, midomo imewakauka.

"Bibi Kidawa, mimi sistahili. Lakini hawa..."

"Waingize."

Siwema akamvuta Bibi pembeni. "Mama, hautatosha!"

"Hautatosha kwa nani? Mlango ukishafunguka, wote ni wangu."

Shaa! Shaa! Shaa! Siku ya nne. Siku ya tano. Kila asubuhi Siwema alichungulia kapu, na kila asubuhi chini kukawa karibu zaidi. Hata usingizi ukamhama. Watoto walikula uliolowekwa. Bibi alichukua fungu lake likiwa kavu.

"Mimi napenda kipande kikavu," alisema, akageukia ukutani.

Watoto wakacheka. "Bibi ana meno mawili, anakula kikavu!"

Siku ya sita Siwema akatia mkono kapuni. Akagusa majani ya kapu, ukoko umekwisha. Hidaya alikuwa mapajani, shingo haina nguvu. Hapo Siwema akapiga magoti.

"Mama, ni mimi. Nusu niliwamwagia kuku. Niliwaogopa shangazi zangu. Nimemuua mwanangu kwa aibu!"

"Najua," Bibi akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Siku ile kuku walikunywa maji mpaka nikashangaa."

"Mbona hukunigombeza?"

"Ningekugombeza, kapu lingejaa?"

Akafungua pindo la nguo yake. Fundo la kwanza, ukoko. La pili, ukoko. La tatu, ukoko. Mafungu yake yote ya siku tatu, hata moja hakuliuma! Siwema akaelewa ni fungu la nani alilowapa kuku. Akalia kwa sauti, lakini mikono yake ilikuwa inaloweka. Watoto watano wakala siku ile.

Siku ya saba, jua! Kuni zikaanikwa, Mwatima akapekecha moto, chungu kikapanda mafigani. Bibi Kidawa hakuweza kusimama. Siwema akamnywesha uji kwa kifuu, funda kwa funda, mpaka akaweza kuketi. Ugali ukapikwa, watu wakala. Siwema akakiinamia chungu.

"Chungu, umebakisha nini?"

Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Akatoa ukoko mwembamba, wa moto. Bibi akaelekeza kidole kwenye ungo.

"La, mama," Siwema akasema. Akaulowesha, akautia kinywani mwa Bibi kwa mkono wake. "Huu hauendi kapuni. Huu umeze, nikuone."

Bibi akameza, Siwema anamtazama koo.

Akiba haiozi, wahenga walisema. Nami naongeza: anayekuwekea akiba, mtazame naye kama amekula.

Ngano yangu imefika chini ya chungu. Aliyebakisha ukoko leo, anyooshe mkono.