Kofia ya Semkiwa

Kofia haipigi chenga. Mmemsikia Mama Ngwatu akimjibu hivyo mshenga aliyemsifia kijana kuwa zamani alikuwa wa kwanza darasani, mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka kwenye mashamba ya mkonge, na chanzo chake ni dhuluma. Sikilizeni.

Enzi hizo kila kambi ya wakata mkonge ilikuwa na timu ya mpira. Masika yakiisha, vijana wapya walipangwa mstari uwanjani, kambi zikawaita mmoja mmoja kwa zamu. Timu iliyoshika mkia ndiyo iliyoanza kuita, ili nayo ipate nguvu. Aliyeitwa kwanza alivishwa kofia nyekundu, akabebwa juujuu, na tangu siku hiyo aliivaa hata akienda sokoni.

Mwaka mmoja Kambi ya Mtoni ilimwita kwanza Semkiwa, mshambuliaji aliyewapita watu kama waliopigiliwa misumari. Wa mwisho kabisa alikuwa Mbelwa, mrefu, mzito wa kugeuka, naye Kambi ya Juu ilimchukua kwa kuwa hakubaki mwingine. Watu walimcheka. Mbelwa alimeza kicheko chao, akajifunza ubeki mpaka ukamkaa mwilini. Misimu mitatu baadaye, washambuliaji walikuwa wakiuliza kwanza kama Mbelwa yupo ndipo wafunge viatu.

Semkiwa naye, msimu huo, alikuwa akisugua benchi. Basi wazee wa Kambi ya Juu, wakiongozwa na Mzee Kihiyo, wakapatana na Mtoni wabadilishane. Mtoni wamtoe Semkiwa, wao wamtoe Mbelwa, na kipa juu yake. Wawili kwa mmoja! Na Mbelwa alizaliwa Kambi ya Juu. Mama yake hakukosa mechi hata moja, na kigoda chake kilijulikana pale pembeni mwa uwanja. Sasa mtoto wake alitolewa nyumbani kama nyongeza ya nyanya.

Mbelwa alimwendea Mzee Kihiyo damu ikimchemka.

"Shikamoo, mzee. Mmemwona Semkiwa akicheza mwaka huu?"

"Marahaba. Mwanangu, yule aliitwa wa kwanza."

"Nauliza mwaka huu."

"Dhahabu haiozi."

"Hata mazoezini hamkwenda kumtazama?"

"Wewe uliyeokotwa mwisho ndiye utakayetufundisha kupima wachezaji?"

Mbelwa aliondoka bila kuaga. Kuhama kulimuuma, lakini kilichomkereketa zaidi ni kwamba jasho lake la misimu mitatu halikuonekana kabisa. Macho ya wazee wale yalibaki kwenye ule mstari wa siku ya kwanza.

Kambi mbili hizo zilipokutana, Semkiwa aliingia uwanjani amebebwa, kofia kichwani, maana wazee walitaka Mtoni waione. Alipopata mpira akajaribu kumzunguka Mbelwa. Goti likakataa, akaanguka peke yake. Akajaribu tena, akaanguka tena. Kambi ya Juu ikafungwa manne, kwani hata golini ilibidi asimame mtu wa kubahatisha. Kipenga cha mwisho kilipolia, Mzee Kihiyo aliingia uwanjani na bakora yake, akamwendea Semkiwa.

"Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia! Tapeli mkubwa huyu!"

Mbelwa akajiweka kati yao. Angeweza kucheka, lakini hasira ilimzidi.

"Gunia lilikuwa wazi, mzee. Nyinyi ndio mliokataa kuchungulia. Mwenzangu usimtukane."

Semkiwa akainuka, akaokota kofia iliyodondoka.

"Goti hili liliumia msimu wangu wa kwanza. Niliwaambia wazee hawa walipokuja kunichukua. Wakasema, vaa kofia yako twende." Akamshikisha mzee kofia mkononi. "Mlichobadilishana ndicho hiki. Keshokutwa kipangeni namba tisa."

Mama yake Mbelwa akapaza sauti kutoka kigodani: "Kipangeni basi, Kihiyo! Tuione kofia ikipiga chenga!"

Kicheko kilipasuka pande zote mbili. Mzee Kihiyo akabaki na kofia mkononi, hajui aiweke wapi. Baadaye alituma watu Mtoni kumwomba Mbelwa arudi, watu wa Mtoni wakajibu kuwa hata kwa timu nzima hawamtoi.

Mechi iliyofuata, mama yule alibeba kigoda chake, akauvuka uwanja wazee wote wakimtazama, akakaa upande wa Mtoni. Kofia haipigi chenga.