Bi Safura na Saumu Aliyokatazwa

Inasimuliwa na waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa kale wa Hadhramaut aliishi bibi mcha Mungu, Bi Safura, Mola amrehemu. Saumu za sunna hazikumpita, na wanawake wa mtaa wakiwaonya binti zao walimtaja yeye.

Uzeeni alipatwa na maradhi ya kisunzi. Akikaa na njaa, jasho humtoka na macho yakaingia kiza. Tabibu akamwambia waziwazi, "Bibi, kwako kufunga ni hatari. Mola amekuruhusu kula, basi kula." Bi Safura akaitikia, "Inshallah," kisha akaendelea kufunga. Na tusimpambe: si thawabu tu aliyoitaka. Aliona haya kuonekana anakula siku ya Alhamisi, siku ya saumu ya sunna, yeye ambaye mtaa mzima ulimtolea mfano.

Alhamisi moja jirani yake, Jumana, alimwachia mwanawe Haitham, mtoto ambaye hata kusema hajajua vizuri. Mchana Bi Safura akaepua chungu cha uji wa mtoto. Kisunzi kikamshika, akaanguka, na uji wa moto ukammwagikia mtoto mguuni. Jumana akasikia kilio, akaingia mbio, akamwona bibi yu chini.

"Ameshavuta chungu, mtundu huyu!" akasema. "Tuwie radhi, bibi. Tumekusumbua na saumu yako."

Bi Safura akafungua kinywa, kisha akanyamaza.

Haya iliyompata siku zile haisemeki. Akisujudu, kilio cha mtoto kimo masikioni. Jumana akimletea tende za kufuturia, hutamani ardhi ipasuke immeze. Hata hivyo alizipokea, na akashukuru.

Alhamisi iliyofuata wanawake walikusanyika kwenye darasa la dini, na Jumana akamsogelea Bi Safura, amembeba mwanawe. "Mwombee Haitham, bibi. Kidonda hakijapona, na dua ya aliyefunga hairudi."

Bi Safura akaomba maji. Akayanywa mbele yao wote, adhuhuri haijaadhiniwa.

"Mtoto hakugusa chungu," akasema. "Nilianguka nacho mimi. Nilikatazwa kufunga nikaficha, kwa kupenda sifa zenu. Kisha nikakuacha umlaumu mwanao."

Jumana akasema kwa sauti ndogo.

"Nilimchapa, bibi. Nilimchapa na kidonda chake, ili asirudie kushika chungu."

Bi Safura aliinuka akaenda hadi kwa Jumana, akapiga magoti mbele ya Haitham na kumwomba radhi, naye mtoto hajui radhi ni kitu gani.

Ndugu zangu, mwili ni amana, na ruhusa aliyopewa mgonjwa ni rehema. Sisi tunaikataa kwa kuogopa macho ya majirani, tukajiita wachamungu, na anayeumia ni mtoto wa watu. Mola atujaalie tuone haya mbele Yake kwanza.