Mzee Eliakunda Atafuta Maua Yasiyokufa

Isome hii ukiwa umekaa, kisha mrushie yule ndugu yako ambaye mkikutana njiani mmoja wenu hujifanya anafunga kamba za viatu.

Huko Marangu, mlimani Kilimanjaro, aliishi mzee mmoja aitwaye Eliakunda, dereva mstaafu wa malori ya kahawa. Alikuwa na sauti ya honi, tumbo la kuheshimika, na mke aliyempenda kupita migomba yake. Na Mchaga akikwambia anakupenda kupita migomba, wewe usiulize tena, itisha harusi.

Mke huyo, Mama Haika, alivunjika mguu akalazwa hospitali mjini Moshi. Zilipobaki siku chache aruhusiwe, mzee akaenda kumtazama.

"Mama Haika, nikuandalie nini nyumbani? Supu? Mtori wa ndizi?"

"Maua," akasema mke.

"Utayala?"

"Nitayatazama, Baba Haika! Daktari kasema nitakaa barazani mpaka mguu ukubali. Lakini si yale unayopanda kila mwaka. Kiangazi kikifika yanakufa, mimi nabaki kupokea rambirambi. Nitafutie ya kudumu. Ukipanda umepanda."

"Hilo tu? Umepata!"

Akaenda moja kwa moja kwa muuza miche wa kando ya barabara. Akanyoosha kidole kwenye waridi moja lililokuwa ndani ya mfuko mweusi, akatajiwa bei.

"Kijana, nimeuliza waridi, sijauliza na shamba lake!"

"Mzee, ya kudumu ndiyo bei yake. Chukua haya ya msimu mmoja, nakupunguzia."

"Ya msimu mmoja nimeshazika ya kutosha."

Akaondoka kichwa chini, maana pensheni yake yote ilikuwa imehamia kwenye ule mguu. Mke wake hakuwahi kumwomba kitu kikubwa tangu waoane, na sasa hiki kimoja kinamshinda.

Njiani akakutana na jirani yake, Mama Anaeli, akammwagia yote. Mama yule akashika kiuno.

"Shemeji, lini ulisikia maua ya kudumu yananunuliwa? Yanaombwa! Mmea usiokufa ukiugawa haupungui, unazaa. Njoo kwangu na kisu."

Basi ikawa kazi. Mama Anaeli aling'oa shada la mayungiyungi na mizizi yake, akaligawa kama keki ya kipaimara. Nyumba iliyofuata mzee akapewa vipande vya jeraniamu. Nyingine akapewa asumini, na chai, na maneno ya kumsengenya aliyempa jeraniamu. Mzee akarudi kwake amebeba majani kichwani, begani na kwapani. Mbuzi wa kijiji wakamfuata nyuma kama kwaya.

Siku moja kabla ya Mama Haika kurudi, bustani ilikuwa imejaa, isipokuwa katikati, mbele kabisa ya kiti chake. Hapo palidai waridi. Na waridi la kupanda ukutani, lile linalochanua hata jua likiwaka, kijijini lilikuwa kwa mtu mmoja tu: Ndetaulwa, mdogo wake Eliakunda wa tumbo moja, waliyepakana naye.

Hapo ndipo mkasa. Ndugu hawa walikuwa hawasemezani.

Kisa ni mbuzi. Ndetaulwa alichinja, na kidari, nyama ya heshima ya kaka mkubwa, hakikufika. Ilifika shingo. Eliakunda akasema amedharauliwa. Ndetaulwa akasema kidari kimeliwa na mbwa. Eliakunda akasema basi mbwa huyo ndiye kaka yako. Tangu hapo, mmoja akisema mvua inanyesha, mwenzake anaanika nguo.

Kuomba waridi? Afadhali ale udongo. Lakini tawi moja lilikuwa limejiegemeza juu ya uzio, karibu kabisa na kuvuka.

"Linakuja lenyewe," mzee akajisemea. "Mimi nalipokea tu."

Akaweka kigoda, akapanda, kisu mkononi. Akanyoosha mkono. Tumbo likatangulia. Kigoda kikakataa. Akakamata mmea wa uzio ajishikize, ukakatika, na Mzee Eliakunda akapita katikati ya uzio kama lori lililokatika breki. Akatua kwa magoti uwanjani kwa mdogo wake, miguuni pake hasa, pale alipokuwa amekaa akimenya ndizi.

Mkono wa kulia, kisu. Mkono wa kushoto, sale.

Kwa asiyejua: sale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani Uchagani. Aliyekosa akilichukua akamletea aliyemkosea, amesema nisamehe hata kama hakufungua mdomo. Na aliyeletewa sale hakatai.

Ndizi ikamponyoka Ndetaulwa.

"Kaka! Umeniletea sale? Wewe, mkubwa? Kwa magoti?"

Eliakunda alikuwa na majibu mawili kwenye ulimi. La kwanza: nimekuja kuiba. La pili: wewe ndiye uliyepaswa kuleta. Akainua uso achague. Akaona mdogo wake ana mvi ambazo hakuwahi kuziona. Waridi likamtoka kichwani.

"Ndeta," akasema, na ile honi haikulia. "Nisamehe, mdogo wangu."

Ndetaulwa akapiga magoti naye. "Usiseme, kaka. Mbwa nilimsingizia. Kidari nilikula mimi."

"Wewe?"

"Kilinukia, kaka!"

Wakatazamana. Akaanza mmoja, akafuata mwingine, wakacheka mpaka Mama Anaeli akaja mbio akidhani kuna msiba.

Walipotulia, Eliakunda akafuta machozi. "Na mimi nikwambie kweli. Nilikuja kukata tawi la waridi lako. Sale nimelishika nisianguke."

"Najua," akasema Ndetaulwa. "Kisu nilikiona tangu ukiwa juu ya kigoda."

"Sasa mbona hukunifukuza?"

"Ulikuja na mikono miwili, kaka. Mmoja una kisu, mmoja una sale. Nikachagua wa kupokea."

Kesho yake Mama Haika akafika, akasaidiwa kukaa barazani. Mbele yake mayungiyungi, jeraniamu, asumini. Na pale katikati, wazee wawili wakigombana kwa sauti ya mnadani kuhusu kina cha shimo la waridi.

"Haya, mama, unaonaje?" Eliakunda akauliza, kifua mbele.

"Mazuri sana, Baba Haika. Lakini hilo la kudumu kuliko yote umelipata wapi?"

"Waridi? Si la Ndeta!"

"Silo waridi," akasema mama, akimtazama shemeji yake huku machozi yakimlengalenga. "Nauliza huyo aliyeshika jembe."

Funzo: Ndugu hafiki kwako bila kasoro mkononi, ukitazama kasoro tu utafukuza na heri aliyokuja nayo. Chagua mkono wa kupokea.