Jiwe Lililobisha Hodi

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kwamba kitu chema hufuatwa na watu hapo kilipo, bali chenye kasoro huzungushwa mlango kwa mlango, na anayekinadi haishiwi maneno. Fundi mmoja mkata vito aliijua methali hii tangu utotoni, lakini aliijua kwa ulimi tu. Moyoni haikuwahi kumwingia.

Fundi huyo alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, ambako mashine ya kukatia mawe ilinguruma kutwa. Mawe aliyanunua kwa bibi mmoja muuza vito, aliyekaa kimya nyuma ya meza yake huku wateja wakipigana vikumbo mlangoni. Mkewe alishona nguo chumba cha pili. Binti yao mdogo, waliyembandika jina la Chiriku kwa jinsi alivyopenda kuongea, alicheza sakafuni, miguuni pa baba yake.

Adhuhuri moja, jua likiwa la utosi, mtu alibisha hodi. Alikuwa mchuuzi mrefu, mwembamba kama ufito. Kabla hajakaribishwa, alikwisha kukunjua kitambaa juu ya meza, na fundi akasahau hata kuitikia salamu.

Jiwe lilikuwa kubwa kama mkate. Manjano ya kiini cha yai ilisokotana na rangi ya chungwa, na katikati yake mistari myeusi ilijiviringa kama moshi. Ukilikazia macho, mizunguko ile ilionekana kusogea, polepole, kama maji yanayozama shimoni.

"Hii ni pumzi ya mlima, fundi," mchuuzi alinong'ona. "Mlima wa moto unapumua, mvuke unaganda kwenye nyufa, tabaka juu ya tabaka, mpaka unakuwa jiwe."

"Unauzaje?"

Mchuuzi akataja bei. Kabla fundi hajafungua kinywa, mchuuzi akaipunguza. Kisha akaipunguza tena.

Mke alichungulia. "Mume wangu, yule bibi hajawahi kumbishia mtu hodi. Huyu mbona kama analikimbia jiwe lake?"

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," fundi alimkata kauli, akalinunua.

Jiwe lilikatika laini kama sabuni. Vumbi la manjano likatanda chumbani, na pamoja nalo ikaja harufu ya kitunguu saumu.

"Unapika nini?" fundi aliuliza.

"Jiko hata sijaliwasha," mkewe alijibu.

Harufu ile ikaganda kwenye mapazia, kwenye mito, kwenye nywele za Chiriku. Paka wa nyumbani alisimama kizingitini, manyoya yamemsimama, akakataa kuingia. Baadaye walimkuta amekauka nyuma ya pipa. Vidole vya fundi vilianza kufa ganzi, na kila chakula kikawa na ladha ya kutu. Hata akifumba macho, aliiona ile mizunguko ikizunguka. Hata hivyo hakuacha kukata, kwani kila kipande kilikuwa kizuri kuliko kilichotangulia, na katika kila kimoja aliona kitu mfano wa jicho lililotaka kufumbuka.

Kisha Chiriku akanyamaza. Alikaa sakafuni, akichora duara ndani ya duara kwenye vumbi.

"Unachora nini, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Linapumua, mama," mtoto alijibu bila kuinua uso, kisha akatapika na kuanguka.

Mama alimbeba mbio hadi hospitali, fundi akipepesuka nyuma yao. Daktari alipoishika mikono ya fundi, alikuta michirizi myeupe imekata kucha zote. Akawalaza baba na mwana.

Yule bibi muuza vito alikuja kuwajulia hali. "Jiwe hilo nalifahamu, mjukuu wangu. Liliwahi kuletwa kwangu nikalikataa. Pumzi ya mlima ina sumu ndani yake, sumu ya kuulia panya. Ukilisaga kavukavu, unavuta kifo puani."

"Mbona hukuniambia, bibi?"

"Ulikuja kuniuliza?"

Fundi akamgeukia mkewe, machozi yakimlengalenga. "Uliniambia mapema. Nisamehe." Mkewe alikuwa ameinama, akisikiliza kama mtoto bado anapumua.

Chiriku alipona, ingawa ilichukua muda mrefu kabla hajaongea tena, na sauti yake ilirudi ikiwa ya kukwaruza. Nyumba ilioshwa kuta hadi dari. Vipande vya jiwe vilifungiwa ndani ya debe na kuzikwa mbali na visima.

Siku moja fundi akipita mtaa mwingine, alisikia mnong'ono anaoujua. Mchuuzi alikuwa mlangoni kwa sonara, kitambaa kimekunjuliwa, juu yake jiwe lingine la manjano. Fundi hakupiga kelele. Alinyoosha tu mikono yake mbele ya sonara. Sonara alizitazama zile kucha, akafunga mlango.

"Huoni haya?" fundi aliuliza.

"Nifanyeje, ndugu yangu?" mchuuzi alisema, macho yake yakiwa makavu kama ya samaki mnadani. "Nyumbani kwangu halikai. Walionizunguka wamekwisha wote."

Akalifunga jiwe, akaenda nyumba ya pili, akabisha hodi. Fundi akamfuata, mlango kwa mlango, akinyoosha mikono yake kila mlango ulipofunguliwa, hadi mtaa mzima ukaamini kwa macho kile ambacho yeye alikiamini kwa gharama ya sauti ya mwanawe: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.